Kutoka Mrija wa Plastiki hadi Stenti ya Chuma: Historia ya Matatizo ya Kuzibua Umio na Suala la Ufuatiliaji katika Ukanda wa Ziwa Viktoria

Historia ya kuweka stenti katika umio wa mgonjwa wa saratani imezoeleka kuandikwa kama historia ya kifaa. Insha hii inaisoma kutokea Nyakato, kando ya barabara ya Musoma, wanakopita wagonjwa wa Magu, Bunda na mkoa wa Mara waendao Hospitali ya Rufaa ya Bugando. Hoja yake ni kwamba matatizo tunayoyafahamu vizuri ni yale yanayotokea mbele ya daktari. Yanayotokea nyumbani yameandikwa kwa uchache.

Mnamo miaka ya 1880, Charters Symonds wa London alikuwa akipitisha mirija katika umio ulioziba. Mrija wa plastiki wa Celestin ulifuata mwaka 1959, nao ulihitaji tumbo lipasuliwe ili uvutwe hadi mahali pake. Endoskopia iliondoa upasuaji huo, lakini haikuondoa hatari iliyo kubwa kuliko zote. Mrija mgumu haupiti mpaka uvimbe utanuliwe kwa nguvu, na uvimbe uliotanuliwa kwa nguvu hupasuka. Umio ukitoboka, mate na chakula huvujia kifuani, na maambukizi yake huua upesi. Stenti ya chuma huingia ikiwa imekunjwa, kisha hutanuka yenyewe. Mwaka 1993 Knyrim na wenzake nchini Ujerumani walilinganisha vifaa hivyo viwili, wakaona kwamba chuma kina matatizo machache zaidi. Umri wa kuishi haukuongezeka. Kilichobadilika ni namna ya kuishi.

Ushahidi mkubwa wa kanda yetu unatoka Hospitali ya Tenwek, Bomet, magharibi mwa Kenya. Ripoti yao ya mwaka 2009 ilihusu zaidi ya wagonjwa 900 waliowekewa stenti tangu 1999, tena bila mashine ya eksirei ya kuongozea kazi hiyo. Wengi waliokuwa wakimeza kwa shida kubwa walirudi kula. Ni mafanikio yanayostahili heshima, na hospitali nyingi zenye vifaa bora zaidi hazijayafikia. Hata hivyo, ufuatiliaji wa muda mrefu ulipatikana kwa takribani theluthi moja tu ya wagonjwa, na hapo ndipo msomaji wa historia hulazimika kutulia.

Kwa maana matatizo ya baadaye hayamfuati daktari. Stenti iliyofunikwa kwa utando huzuia uvimbe kupenya kati ya nyuzi zake, lakini haishiki vyema na huweza kuteleza hadi tumboni. Isiyofunikwa hushika, kisha nyama ya uvimbe huota ndani yake. Ikivuka mpaka wa umio na tumbo, asidi hupanda, na mgonjwa anayelala chali huweza kupaliwa. Tonge la ugali lisilotafunwa vizuri, au pande la nyama, hukwama. Katika chumba cha endoskopia kukwama huko ni kazi ya dakika chache. Ukerewe, ambako safari ya hospitali huanza kwa kusubiri meli, ni siku kadhaa za njaa na kiu. Kwa watu wa Sengerema na Geita, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko. Nauli na gharama ya endoskopia ya pili zimebaki.

Kugawa matatizo kuwa ya mapema na ya baadaye, kama vitabu vifanyavyo, ni kugawa kwa kalenda. Katika ukanda huu mgawanyo huo pia ni wa mahali: hospitali na nyumbani. Makubaliano ya mwaka 2019, ambayo yalilenga kupunguza bei ya stenti kwa hospitali za Kenya, Tanzania, Malawi na Zambia, yaligusa kifaa na mafunzo ya kukiweka, yaani upande wa kwanza. Upande wa pili unahitaji daftari lenye namba ya simu ya mgonjwa na ya jirani yake, na mhudumu wa zahanati anayejua kwamba mgonjwa wa stenti aliyeshindwa ghafla kumeza maji hajafikia lazima mwisho wa ugonjwa wake. Huenda ni tonge tu. Asipolijua hilo, mgonjwa hurudishwa nyumbani, na kifo chake huandikwa kuwa cha saratani.