Mnatafuta filamu za Palestina, lakini Chepilat mnaijua?

Watu kadhaa wameniuliza pahali pa kupata vitabu na filamu za wakimbizi wa Palestina bila kulipa. Fiti, nitawaambia. Lakini acha nianzie mbali kidogo, kwa sababu hii story inapita karibu na kwetu kuliko vile wengi wanadhani.

Mwaka wa 1903 serikali ya Uingereza, kupitia waziri wa makoloni Joseph Chamberlain, iliwapendekezea viongozi wa Wazayuni kipande cha Afrika Mashariki, wapate pahali pa kuwapeleka Wayahudi waliokuwa wanauawa Urusi. Vitabu huita huo mpango wa Uganda. Uganda gani? Ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu. Ndiyo, huko Eldoret. Kongamano lao la Basel likabishana mpaka watu wakalia, tume ikatumwa kukagua, na mwaka wa 1905 wakakataa. Baadaye Makaburu kutoka Afrika Kusini ndio wakaletwa. Waliokuwa wanalisha ng'ombe pale hakuna aliyewauliza kitu. Mwaka huohuo wa 1905, Waingereza walimuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi.

Sasa ruka mpaka 1948. Wapalestina zaidi ya 700,000 wanakimbia au wanafukuzwa makwao. Wao huita hiyo Nakba, yaani maafa. Wengi wanatoka na funguo za nyumba wakidhani watarudi baada ya wiki moja ama mbili.

Ruka tena, mpaka Januari 2008. Familia za Wakisii zinatoka Eldoret, Kericho na Nakuru zikiwa na godoro na watoto, zinashuka Kisii na Nyamira. Huku kwa mpaka wa Borabu na Sotik, pale soko la Chepilat, nyumba zinachomwa pande zote mbili. Na hiyo haikuwa mara ya kwanza, wazee wa Borabu watakwambia kuhusu 1992. Tusidanganyane pia: kuna Wakipsigis waliopoteza makao kwa hiyo vita, na sisi hatupendi kuisema hiyo sehemu.

Hapa ndipo huwa nakasirika. Serikali ilihesabu waliohama kuwa zaidi ya 660,000. Kama 350,000 walienda kambini. Hao wengine, karibu 314,000, walipokelewa na ndugu na majirani au wakapanga nyumba, na karatasi za serikali zikawaita "integrated". Neno zuri sana hilo. Maana yake ni kwamba umelala jikoni kwa shangazi yako na hakuna kamera itakupata. Wakisii wengi walikuwa kwa hilo kundi. Kambi hupigwa picha, jiko la shangazi halipigwi. Ndiyo maana ukitafuta filamu ya mkimbizi wa Nyamira unapata karibu hakuna.

Wapalestina walilielewa hili jambo mapema. Chuo cha American University of Beirut kimeweka mtandaoni zaidi ya saa 1,000 za sauti za wazee wakieleza vile walitoka vijijini mwao. Ni Kiarabu, sawa, lakini sikiliza tu hata dakika mbili. Shirika la UNRWA lina picha za kambi tangu miaka ya mwanzo, unaziona bure. Kama bando ni ndogo, anza na "Al-Nakba", dokumentari ya Rawan Damen ya sehemu nne ambayo Al Jazeera ilitoa 2008. Iko kwa Kiingereza na haulipi. Palestine Film Institute nao huonyesha filamu mtandaoni bure. Na kama unataka kujua maisha ya Kakuma yakielezwa na mtu wa Kakuma mwenyewe, tafuta KANERE, gazeti ambalo wakimbizi wameliandika tangu 2008.

Ya kwetu utayapata kwa ripoti. Najua, ripoti inaboo. Lakini ile ya Tume ya Waki ya 2008, iliyohesabu vifo 1,133, inasomeka kuliko unavyofikiria, na ya Human Rights Watch ya 1993, "Divide and Rule", inaeleza vile vita vya wakati wa Moi vilipangwa. Zote ni PDF za bure. Ripoti ya TJRC ya 2013 ina zaidi ya kurasa 2,000, na nakala nzuri iko, amini usiamini, kwa maktaba ya chuo cha sheria cha Seattle huko Marekani. Usianze ukurasa wa kwanza, utalala. Fungua, tafuta jina la pahali pako: Borabu, Sotik, Kipkelion, Burnt Forest. Download ukiwa kwa WiFi, hizo faili ni nzito.

Halafu uliza nyumbani. Mimi niliuliza nyanya yangu Desemba iliyopita, tukichuma majani chai. Alinyamaza kwanza. Kisha akaniambia ile sufuria kubwa ya jikoni, ile tunapikia wageni, iliachwa na familia iliyotoka Kericho. Walikaa kwetu miezi saba. Sikuwahi kuambiwa. Simu ilikuwa mfukoni na sikurekodi, na sasa hataki kurudia.