Maji ya Jirani na Maji ya Mbali



Chama chetu kikuu kinapotimiza miaka kumi, yatupasa kutaja si mazao na fedha peke yake, bali pia kitu ambacho bila yake pasingalikuwa na shamba wala chama, nacho ni maji. Sisi tulimao pembezoni mwa Dar es Salaam, katika mabonde ya Kinondoni na Temeke, twaishi karibu na mabomba ya mji mkubwa. Walakini mchicha wetu, matembele, bamia na migomba hunyweshwa aghalabu na mto, kisima na mvua. Kwa hiyo twaona vema kueleza kwa ufupi jinsi mji huu ulivyojipatia maji, na somo litokanalo na habari hizo kwetu sisi wakulima.

Hapo kale wenyeji wa kijiji cha Mzizima, na baada yao wakazi wa mji ulioanzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860, walichota maji yao visimani. Mji ulipokua ukaugeukia Mto Kizinga, na mtambo wa kusafisha maji ukajengwa Mtoni, Temeke. Huo ulikuwa mto wa jirani. Mtu aliyekunywa maji yake aliweza kwenda kwa miguu kuutazama, na akiona umechafuka alijua ni nani wa kuulizwa.

Lakini Kizinga ni mto mdogo, na watu walizidi kuongezeka. Mwaka 1959 mtambo wa Ruvu Juu ulianza kazi Mlandizi, kiasi cha kilomita 60 kutoka mjini, na mwaka 1976 ukafuatwa na mtambo wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 272,821 katika mji huu. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Ndiyo sababu mitambo hiyo ikapanuliwa: Ruvu Chini kutoka lita milioni 180 kwa siku hata milioni 270, na Ruvu Juu kutoka milioni 82 hata milioni 196. Tena mwaka 2022 ukatiwa sahihi mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, ili Mto Ruvu usipungukiwe wakati wa kiangazi.

Hatuilaumu kazi hiyo hata kidogo. Bila ya Ruvu mji huu ungalikufa kiu, na sisi tungalikosa soko. Lakini tazameni, ndugu: kila mji ulipoona kiu ulikwenda kutafuta maji mbali zaidi, na kila ulipokwenda mbali uliisahau mito ya karibu. Misitu ya vilima vya Pugu, ambako Msimbazi huanzia, ilikatwa kwa mkaa. Mchanga ulichimbwa mitoni. Taka za viwanda na za majumbani zilitupwa majini, hata wataalamu wakapata madini mazito katika maji na mboga za bonde la Msimbazi. Na maji ya mvua, yaliyokuwa yakinywewa na ardhi, sasa hupita juu yake kwa kishindo. Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waliopoteza makazi mabondeni wakahamishiwa Mabwepande, Kinondoni.

Maji ya mbali nayo yana mashaka yake. Katika ukame wa mwaka 1997 visima vingi vilichimbwa kwa haraka mjini. Mwaka 2021 Ruvu ilipungua, mgao wa maji ukaanza, na wakulima wa kandokando ya mto huo wakaamriwa kusimamisha pampu zao. Mwaka 2022 mgao ukarudi tena. Hapo tulielewa jambo moja ambalo halipasi kusahauliwa: mji ukishikwa na kiu, mkulima ndiye wa kwanza kufungiwa maji.

Lakini tusiwanyoshee wengine kidole. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu, au ziwezazo kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hata hivyo wengi wetu tulilima mpaka ukingoni. Sisi wa ofisini tuliyaona matuta hayo tukanyamaza, kwa maana mboga zile ndizo zilizolipa ada za chama. Masika yalipokuja, mto ukachukua ukingo pamoja na matuta. Twakiri kosa hilo humu mbele yenu, kwa kuwa kitabu cha sherehe kisichotaja kosa hakifai kuwekwa.

Je, dawa yake ni amri? Historia yajibu. Maji ya Ruvu hutoka milima ya Uluguru. Huko, katika miaka ya 1950, Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuhifadhi udongo. Nia huenda ilikuwa njema, lakini kazi ilikuwa ya shuruti, na mwaka 1955 ghasia zikatokea Matombo, mpango ukaachwa. Kazi ya shuruti ilikwisha shuruti ilipokwisha. Kilichopatanwa na wenyewe ndicho kidumucho, na kupatana ndiyo kazi ya ushirika.

Basi twaleta shauri hili. Kwanza, kila chama cha msingi kipime ukingo wake na kuuotesha nyasi na miti ya asili. Mwenzetu ambaye kishamba chake chote kimo ndani ya mita 60 asifukuzwe akaachwa hivi hivi. Wenziwe wamtafutie pa kulima, maana ahamapo yeye twanufaika sote. Pili, tuvune mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo paa la bati la mita za mraba 50, likipata milimita 1,000 kwa mwaka, hupokea lita 50,000, yaani ndoo 2,500 za lita 20. Hata yakipotea mengine, yatakayobaki si haba. Tatu, tufunike matuta kwa nyasi kavu na kumwagilia alfajiri au jioni, ili jua lisitunyang'anye. Nne, wenye visima karibu na bahari wasivute maji kupita kiasi, kwani kisima kikishaingiwa na chumvi si rahisi kupona.

Mambo haya si makubwa, wala hayangoji mkopo. Yangoja mkutano, mapatano, na mtu wa kwanza wa kurudi nyuma kutoka ukingoni. Sisi viongozi twaahidi kuanza na mashamba yetu wenyewe kabla ya kukagua ya wengine. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Tuuwahi, ndugu zetu, ili watakaoandika kitabu cha miaka ishirini wawe na mto wa jirani wa kuuandika.