Rutuba Iliyopandishwa Mlima

Mtu akitoka Moshi mjini akashika njia ya kupanda Kibosho au Old Moshi, na akawa na wasaa wa kutazama huku na huku, ataona kwamba Wachagga, wenyeji wa Mlima Kilimanjaro, wameigawa ardhi yao katika tabaka mbili zisizofanana hata kidogo: chini, penye joto na vumbi, ni mashamba ya wazi ya mahindi na maharage, ambayo mavuno yakiisha kuondolewa hubaki uwanja mtupu, na juu, baina ya mita 900 na 1,900 hivi kutoka usawa wa bahari, ni vihamba, ambamo migomba, mibuni, magimbi na miti mirefu vimesongamana mfano wa msitu, kumbe kila mgomba una mwenyewe na kila mpaka umewekewa masale yake. Aghalabu watu husema kuwa tofauti hiyo imeletwa na mvua na majivu ya volkano ya kale. Wamesema kweli, wallakini hawakuimaliza. Maana sehemu kubwa ya rutuba ya kihamba haikuzaliwa pale ilipo. Ilitoka bondeni ikapandishwa mlima, mwaka baada ya mwaka, juu ya vichwa vya wanawake.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Ng'ombe wa Mchagga, kwa uhaba wa malisho juu mlimani, hakuachiwa kuzurura. Alifungwa ndani, na zamani za nyumba za msonge alilala chini ya paa moja na watu, akangoja kuletewa. Mwanamke aliteremka shambani alfajiri, akakata mabua na kukusanya majani ya maharage yaliyokwisha pukutishwa, akayafunga kwa kamba ya mgomba, akajitwika na kuukabili mteremko saa ambayo jua limekwisha kuwa kali. Ng'ombe akala, kilichobaki kikawa matandiko yake, samadi ikatolewa ikatiwa kwenye mashina ya migomba na, tangu mapadri wa Kilema walipoleta kahawa mwishoni mwa karne ya 19, kwenye mibuni pia. Basi mharage ulilisha nyumba mara mbili: punje zake zikaingia chunguni pamoja na ndizi zikawa kiburu, na majani yake yakapita tumboni mwa ng'ombe yakawa ndizi za mwaka unaofuata. Wasimulizi wa habari za Kilimanjaro wameisifu sana mifongo, ile mifereji iliyoshusha maji kutoka korongoni hadi mashambani, nao wana haki, kwa kuwa ni kazi ya ustadi mkubwa. Lakini mfongo ulikuwa kazi ya wanaume na ulionekana. Mfereji wa pili, uliopandisha rutuba badala ya kushusha maji, haukuchimbwa popote, na kwa hiyo haukuchorwa katika ramani yoyote.

Maharage yenyewe ni mgeni, maana asili yake ni bara la Amerika. Kabla yake Afrika Mashariki ilikuwa na kunde, iliyo mzaliwa wa Afrika, na fiwi, ambazo kaskazini mwa Tanzania huitwa ngwara. Hata mahindi ni mgeni vilevile, kwani nafaka ya heshima mlimani ilikuwa ulezi, unaotiwa katika mbege, pombe ya ndizi. Wala kihamba hakikukosa mikunde yake: ule mfuruanje uliotandaza kivuli juu ya kahawa ni ndugu wa kunde na choroko kwa nasaba ya mimea, ijapokuwa hakuna awezaye kuupika.

Kwamba mimea ya ukoo huu huineemesha ardhi, wakulima wa nchi nyingi walikwisha kutambua kwa macho. Ila sababu yake ilikuwa ghaibu mpaka mwaka 1886, Mjerumani Hermann Hellriegel aliposimama Berlin mbele ya wanazuoni wenzake akatangaza kuwa njegere hupata naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa vijidudu vilivyo ndani ya vinundu vya mizizi, na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akafaulu kuvitenga vijidudu hivyo. Miaka michache baadaye Wajerumani wakaitawala Moshi, wakiwa na maarifa ambayo wino wake ulikuwa haujakauka. Kazi hiyo ya vinundu haihitaji chuo kuihakikisha. Ng'oa mharage unaoanza kutoa maua, kwa jembe na taratibu ili mizizi isikatike, uutikise udongo mweusi, na utaona vinundu vidogo kama vichwa vya pini. Kimoja kipasue kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, mfano wa nyama mbichi, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, kinakula bure.

Hapa ndipo yanapokosewa mengi katika mafundisho ya siku hizi, yanayosema kwa wepesi kwamba panda maharage na udongo utanona. Mharage ni mmoja wa wachoyo katika ukoo wake; huvuta naitrojeni kidogo kuliko kunde au fiwi, na sehemu kubwa ya hicho kidogo huitia katika punje, na punje huondoka kwenda chunguni au sokoni Kiboriloni. Majani nayo yakichukuliwa yakapandishwa mlimani, shamba la bondeni limebakiwa na nini? Kihamba kilinawiri kwa kulikopa shamba deni ambalo halikulipwa, na mwenye kuona uwanda ulivyochoka leo na asitaje deni hilo, huyo ameacha nusu ya tarikhi.

Deni likakua pamoja na watu. Kahawa ilileta fedha na jumuiya, kwanza chama cha wakulima cha mwaka 1925, kisha chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Mwaka 1934 kikafunguliwa kituo cha utafiti wa kahawa Lyamungu, mahali ambapo jina lake limepewa hata mbegu za maharage, Lyamungu 85 na Lyamungu 90. Mwaka 1984 wataalamu Fernandes, O'Kting'ati na Maghembe waliandika kwamba kihamba cha wastani kilikuwa hektari 0.68, nacho kilitoa kwa mwaka kilo 125 za maharage, kilo 280 za kahawa na mikungu 275 ya ndizi. Sensa ya 1967 ilikuta mkoa wa Kilimanjaro una watu 650,000 na kitu. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 1,860,000. Kihamba kilichorithiwa na wana watatu, kisha wajukuu saba, hakina tena nafasi ya ng'ombe. Mwaka 2011 shirika la FAO lilikitia kihamba cha Shimbwe Juu katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia, nayo ni heshima njema, japo hati haishushi mzigo kichwani kwa mtu.

Katika uhaba huo wa ardhi ndipo ilipoingia bidaa ya kitalu nyumba, banda la nailoni na wavu la kuoteshea nyanya, pilipili hoho na matango. Kwa mkulima afuataye kilimo hai, aliyejifunga na masharti ya Afrika Mashariki ya mwaka 2007 na kutamani alama ya Kilimohai, mbolea ya urea ni haramu, basi hana budi kurudi kwenye samadi na mikunde. Na banda lile ni kihamba kilichonyimwa mambo matatu: mti, ng'ombe na mvua. Nyanya ikifuata nyanya, minyoo fundo huzaana mizizini, na akipanda maharage kuwa ndiyo dawa huenda akawaongezea chakula, kwa maana minyoo ile hula mharage kwa furaha ileile. Kifaacho zaidi ni marejea, mmea wa maua ya manjano ambao mapadri wa Peramiho, khususan Padri Gerold Rupper, waliunadi sana huko Ruvuma, na ambao jina lake linatangaza kazi yake: hurejesha. Minyoo fundo haistawi mizizini mwake.

Lakini kitalu nyumba ni ghali, na mwenyewe huuona kila mwezi usio na nyanya kuwa ni mwezi wa hasara. Kwa hiyo aghalabu afadhali marejea yaoteshwe nje, kandokando ya uzio au katika kishamba cha jirani, yakatwe yanapochomoza maua ya kwanza na bua lingali laini, yafukiwe ndani ya matuta, na miche ingoje wiki mbili tatu kabla ya kutiwa. Mwenye kuyakata huyafunga kwa kamba ya mgomba na kujitwika. Akifika anakuta mlango wa banda umekatwa mwembamba, kwa kipimo cha mtu na kreti yake ili wadudu wasipate upenyo, na mzigo hauingii. Anautua chini, anaufungua, anauingiza shada kwa shada.