Baiskeli Isiyo na Mzigo

Mwaka 1888 daktari wa mifugo mmoja Mskoti aliyeishi Belfast, John Boyd Dunlop, alimtengenezea mwanawe mdogo matairi ya mpira yaliyojazwa upepo, ili baiskeli yake ya magurudumu matatu isimrusherushe juu ya mawe. Miaka mitatu kabla yake, John Kemp Starley wa Coventry alikuwa ametoa Rover, baiskeli ambayo mnyororo wake huzungusha gurudumu la nyuma, yaani umbo lile lile tulilo nalo hadi leo. Mambo hayo mawili yalipokutana, Ulaya na Marekani zilishikwa na wazimu wa baiskeli. Katika miaka ya 1890 mume na mke walitoka mjini siku ya mapumziko, wakaendesha hadi mashambani, wakanywa chai, wakarudi. Watu husahau kwamba tairi tunaloliziba pancha leo lilianza kwa ajili ya raha ya mtoto.

Lakini, msomaji wangu, mpira hauoti Belfast. Raha ile ilikuwa na mzigo wake, ila mzigo walitwishwa watu wengine. Katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa kama mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji tangu 1885 hadi 1908, wanavijiji walilazimishwa kuingia msituni kugema mpira wa porini. Wake zao walishikwa mateka mpaka kiasi kilichotakiwa kitimie, na askari waliwakata watu mikono. Sisemi kwamba baba yule wa London aliyempandisha binti yake baiskeli alijua. Nilifundisha historia miaka mingi, na vitabu nilivyotumia viliweka jambo la kwanza katika sura ya maendeleo ya sayansi na la pili katika sura ya ukoloni, kana kwamba hayakujuana.

Kwetu Usukumani baiskeli haikuja kwa matembezi. Ilikuja na pamba. Katika miaka ya 1950, vyama vya ushirika vya Jimbo la Ziwa vilipopata nguvu na kuungana mwaka 1955, mkulima aliyeuza vizuri alinunua bati, ng'ombe, au Raleigh. Marehemu baba yangu alinunua. Baiskeli ile ilibeba pamba, mbuzi na madebe ya maji. Ilibeba mgonjwa aliyefungwa kwa shuka mgongoni mwa mwendeshaji. Isipobeba kitu ilifungiwa ndani, nasi watoto tuliruhusiwa kuifuta vumbi tu. Wavulana wa rika langu walijifunza kwa kuiba, mzee akiwa amelala, wakipitisha mguu chini ya bomba la juu kwa kuwa kiti hawakukifikia.

Wavulana, nasema. Msichana hakufundishwa. Sababu zilikuwa nyingi: heshima, kanga, lile bomba la juu, nyingine siwezi kuziandika hapa. Masista na wakunga wa misheni walipanda baiskeli za kike, zile zenye bomba lililoinama, na hakuna aliyewacheka. Basi shida haikuwa mwili wa mwanamke. Nadhani shida ilikuwa kwamba mwenye baiskeli huenda atakako bila kuomba nauli.

Nilipotoka chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwalimu bila baiskeli alikuwa nusu mwalimu. Baada ya vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, tairi na tyubu zikawa adimu. Tulishona matairi kwa waya, na mwenye kibali cha kununua baiskeli mpya alipokelewa kijijini kama bwana harusi. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, Phoenix za China na Avon za India zikaenea. Vijana wakafunga mto juu ya keria, wakabeba abiria, kama wenzao wa mpakani Busia walivyokwisha kuanza zamani, wakivusha watu boda hadi boda. Bado ni mzigo, ila safari hii mzigo unalipa.

Sasa mke wangu, mwenye miaka 68, ana baiskeli yake mwenyewe. Alijifunza uzeeni, mjukuu wetu wa kike wa miaka 9 alimshikia kiti kwa nyuma huku akipiga kelele, "Bibi, tazama mbele, usitazame miguu!" Jumapili jioni, jua likishapoa, tunatoka sita: sisi wazee, kijana wetu na mkewe, na wajukuu wawili. Tunashika njia ya Old Shinyanga, nchi tambarare, mpunga huku na huku. Mvua zikikolea hatuendi mbali, maana udongo wa mbuga huganda kwenye tairi hadi gurudumu likakataa kuzunguka.

Watu hutusimamisha. "Shikamoo Mwalimu. Kuna msiba wapi?" Nikisema hakuna msiba, tunatembea tu, huziangalia keria zetu: hakuna gunia, hakuna dumu, hakuna kuku. Mzee mmoja wa rika langu alituuliza mara mbili, kisha akatingisha kichwa na kwenda zake. Wiki mbili baadaye mkewe alibisha hodi kwetu. Hakunitaka mimi, alimtaka mke wangu, amwulize kama kujifunza kunaumiza magoti. Akajibiwa kwamba magoti hayana neno, kinachouma ni kile kiti.