Vitshumbi na Kipimo cha Nyumba Inayohifadhi Mazingira

1.0 Utangulizi

Mwishoni mwa karne ya 20, wataalamu wa ujenzi walianza kuzipima nyumba kwa kuzingatia athari zake kwa mazingira. Uingereza ilianzisha utaratibu wa BREEAM mwaka 1990, na Marekani ikafuata kwa LEED mwaka 1998. Baadaye Shirika la Fedha la Kimataifa, lililo katika Kundi la Benki ya Dunia, lilitunga EDGE kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Kwa vigezo vyake vya awali, cheti cha EDGE kilitolewa kwa jengo lililopunguza kwa asilimia 20 au zaidi matumizi ya nishati, matumizi ya maji, na nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vya ujenzi. Historia ya Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kilichopo kusini mwa Ziwa Edward, huonyesha upungufu wa kipimo cha namna hiyo.

2.0 Makazi ya kibali

Wabelgiji waliunda Hifadhi ya Albert mwaka 1925, wakaipanua hatua kwa hatua hadi mwaka 1935. Wakazi wa kandokando ya ziwa waliondolewa, na ugonjwa wa malale ukawa miongoni mwa sababu zilizotolewa. Baadaye uvuvi uliruhusiwa tena chini ya usimamizi wa ushirika, ambao hatimaye ulijulikana kwa jina la COPEVI. Vituo vitatu ndivyo vilivyotambuliwa upande wa Kongo: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Idadi ya mitumbwi iliwekewa kikomo. Kulima na kufuga kukakatazwa. Hifadhi ilipewa jina la Virunga mwaka 1969, ikaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979.

Yafaa ieleweke kwamba utaratibu huo nao ulikuwa cheti cha aina yake. Ulitaka kujua nani anaruhusiwa kukaa. Haukujali nyumba yake imejengwaje. Na mtu asiye na hakika ya kubaki hajengi nyumba ya kurithiwa na wajukuu. Hukandika udongo juu ya miti na fito, akaezeka kwa nyasi au mabati, akangoja.

3.0 Moto ulio nje ya kuta

Kwa upande wa vifaa, nyumba ya udongo ingepata alama nzuri katika mizani ya leo, kwani udongo hauchomwi kiwandani wala hausafirishwi kutoka mbali. Hata hivyo, mkazi wa Vitshumbi huishi kwa samaki, na samaki asiyeuzwa akiwa mbichi hukaushwa kwa moshi au kwa chumvi. Moshi huo wahitaji kuni, na kijiji kimezungukwa na hifadhi pande zote za nchi kavu. Kwa hiyo moto unaoula msitu hauhesabiwi katika hesabu za nyumba.

Mwaka 1994 jambo hilo lilidhihirika kwa kiwango kikubwa zaidi. Mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipiga kambi karibu na Goma, wakategemea miti ya Virunga kwa kupikia na kujengea. Mwaka huohuo hifadhi iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini. Vibanda vyao vilikuwa vidogo kabisa. Msitu uliteketea vilevile.

Jibu moja lilitoka nje ya taaluma ya ujenzi. Mwaka 2015 kituo cha umeme cha Matebe, chenye uwezo wa megawati 13 hivi, kilizinduliwa kwenye Mto Rutshuru, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Edward. Kila jiko linalowaka kwa umeme hupunguza haja ya makaa.

4.0 Hitimisho

Utaratibu wa kikoloni ulimhesabu mkazi ukaisahau nyumba. Vyeti vya leo huihesabu nyumba vikamsahau mkazi. Hapana budi mambo haya matatu yaunganishwe: haki ya kukaa, nishati ya kupikia na ya kukaushia samaki, na kuta zenyewe. Bila hayo, Vitshumbi itaendelea kuwa na nyumba zisizodhuru mazingira, katikati ya hifadhi inayopungua miti.