Kanuni na Matoleo Yake: Kutoka Bao hadi Dungeons & Dragons

Utangulizi

Soko la Burma, lililo karibu na Barabara ya Jogoo katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, lina jina la nchi ambayo rasmi haiitwi hivyo tena. Jina hilo ni kumbukumbu ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati askari wa Afrika Mashariki wa kikosi cha KAR walipopelekwa Burma kupigana na Wajapani mwaka 1944. Mwaka 1989 serikali ya kijeshi ya nchi hiyo iliamua iitwe Myanmar. Ramani na vitabu vikafuata. Hata hivyo, mkazi wa Shauri Moyo au Kaloleni anayekwenda kununua nyama bado huenda Burma.

Mfano huo unazua swali linalohusu uhakiki wa fasihi moja kwa moja. Mwenye mamlaka anapotoa toleo jipya la matini, toleo la zamani hupata hadhi gani mikononi mwa wanaolitumia? Wahakiki wamezoea kuliuliza swali hili kuhusu miswada ya tenzi. Makala haya yanaliuliza kuhusu matini ambazo hazijashughulikiwa sana, yaani kanuni za michezo. Mchezo unaolengwa hasa ni Dungeons & Dragons, na bao limetumiwa kama kipimo cha kulinganishia.

Bao: kanuni isiyo na mchapishaji

Bao la Kiswahili huchezwa kwa kete 64 katika mashimo 32 yaliyopangwa safu nne. Mchezo una hatua mbili. Katika kunamua, mchezaji huingiza kete moja moja kutoka akibani. Kete za akiba zikiisha, huanza mtaji. Sambamba na bao hili kuna bao la kujifunza, ambamo kete zote huwekwa mbili mbili mashimoni tangu mwanzo. Alexander de Voogt, katika tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 1995, aliwachunguza mafundi wa bao wa Zanzibar na kuonyesha jinsi umahiri wao unavyotegemea kumbukumbu na hesabu za kichwani.

Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba namna hizi mbili huishi pamoja. Bao la kujifunza halikufutwa na bao la mafundi, wala hakuna aliye na uwezo wa kulifuta. Kanuni huhifadhiwa na wachezaji na watazamaji wa barazani, ambao hukosoa papo hapo kete ikienda mrama. Lakini ulinzi huo una udhaifu wake: kanuni isiyoandikwa hufa pamoja na mjuzi wake wa mwisho, na kifo hicho hakitangazwi.

Dungeons & Dragons: kanuni yenye mwenyewe

Mchezo wa Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ulitolewa Marekani mwaka 1974 katika vijitabu vitatu. Asili yake ni michezo ya vita. Chainmail, kitabu cha kanuni za vita vya vinyago, kilikuwa kimetangulia mwaka 1971. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akiwakilisha mhusika wake, naye msimulizi huwaelezea ulimwengu wanamopita. Dadu huamua yale ambayo hadithi peke yake haiwezi kuamua. Kwa hiyo kanuni zake ni matini za kuzalishia masimulizi.

Mabadiliko yake yanaweza kugawanywa katika aina tatu. Aina ya kwanza ni mabadiliko ya jina pasipo mabadiliko ya kanuni. Viumbe walioitwa hobbit katika vijitabu vya mwanzo walipewa jina la halfling mwaka 1977, baada ya malalamiko ya wenye haki za kibiashara za kazi za Tolkien. Kiumbe alibaki yule yule. Kilichobadilika ni kauli ya kisheria juu yake. Vivyo hivyo, katika toleo la mwaka 2024 neno lililomaanisha "mbari" liliondolewa na mahali pake pakawekwa lenye maana ya "spishi", kwa kuwa la kwanza lilibeba historia ya ubaguzi.

Aina ya pili ni kinyume cha ya kwanza: kanuni huandikwa upya ilhali maana haiguswi. Katika toleo la pili, la mwaka 1989, namba ndogo ya kinga ilikuwa bora kuliko kubwa. Mhusika aliyehitaji 18 kumpiga adui mwenye kinga 0 alitoa 4 kwa adui mwenye kinga 4, hivyo akahitaji 14 kwenye dadu ya nyuso 20. Toleo la tatu, la mwaka 2000, liligeuza mizani: kinga kubwa ndiyo bora. Adui yule sasa ana kinga 16, na mshambuliaji ana nyongeza ya 2. Bado anahitaji 14. Sarufi imegeuka, lakini uwezekano wa pigo kufika ni ule ule.

Aina ya tatu hugusa kinachoweza kusimuliwa. Katika miaka ya 1980 baadhi ya wazazi na makundi ya kidini ya Marekani waliushutumu mchezo huu kwa madai ya ushetani. Toleo la 1989 liliondoa muuaji wa kukodiwa na chotara wa orki katika orodha ya wahusika wa kawaida. Mashetani nao walitoweka, kisha wakarejea mwaka 1991 kwa majina ya kubuni. Toleo la 2000 liliwarudishia majina yao ya awali. Hapa mchapishaji alifanya kazi ya mdhibiti wa maandishi, na baadaye akajisahihisha.

Nani mwenye toleo?

Toleo la nne, la mwaka 2008, liliwagawa wachezaji. Kwa kuwa leseni ya mwaka 2000 iliruhusu wengine kutumia kiini cha kanuni, kampuni nyingine ilichapisha Pathfinder mwaka 2009 kwa msingi wa kanuni za awali. Toleo lililoachwa na mwenyewe likapata mlezi. Mwanzoni mwa 2023 mwenye mchezo alikusudia kuibadili leseni hiyo. Upinzani ukawa mkubwa hata akarudi nyuma, na kiini cha kanuni za toleo la tano kikawekwa chini ya leseni huria isiyoweza kubatilishwa.

Hitimisho

Ulinganisho huu unaonyesha kwamba uandishi hauondoi wingi wa matoleo. Hubadilisha tu namna yanavyogombaniwa. Katika bao mabishano hufanyika barazani, kete zikiwa mkononi. Katika mchezo wa kitabu hufanyika kwa leseni na kwa ununuzi. Hapana budi jambo hili lizingatiwe wakati bao lenyewe linapoandikwa kwa ajili ya mashindano na programu za kompyuta. Anayechagua namna moja na kuiita kanuni huzigeuza nyingine zote kuwa makosa, na bao halina leseni ya kuzitetea. Kazi ya mtafiti, basi, ni kuziandika zote, pamoja na mahali zinapochezwa, kabla hazijatoweka kimya kimya. Jina la Burma limesalia Nairobi kwa sababu bado kuna wanaolitumia kila siku. Kanuni iliyokosa watumiaji haina kinga hiyo.