Chumvi Haina Molekuli: Funzo kwa Walimu wa Istilahi

Aghalabu tunapofundisha istilahi za sayansi huwapa wanafunzi orodha: atomu, molekuli, ioni, fuwele, kani. Nao huikariri. Katika makala haya mafupi tunanuia kuonyesha kwamba kila neno katika orodha hiyo lina historia yake, na kwamba mwalimu asiyeijua anaweza kufundisha kosa kwa Kiswahili sanifu kabisa.

Tuchukue mfano wa chumvi. Mnamo 1873 Mholanzi Johannes van der Waals alieleza kwamba molekuli za gesi huvutana, na kwamba mvutano huo husaidia gesi kugeuka kimiminika. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba chumvi nayo ni lundo la molekuli zilizoshikana, kila moja ikiwa na sodiamu moja na klorini moja.

Mwaka 1912, mjini Munich, Max von Laue na wenzake walipitisha eksirei katika fuwele, wakapata picha ya madoa yaliyopangika. Mwaka uliofuata, nchini Uingereza, William Lawrence Bragg, kijana wa miaka 23 aliyefanya kazi na babake, alieleza muundo wa fuwele ya chumvi. Hakukuta molekuli hata moja. Kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni 6 za kloridi, na kila ioni ya kloridi na 6 za sodiamu, mithili ya miraba ya ubao wa sataranji. Baba na mwana walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1915.

Si wote waliokubali. Mwaka 1927 Henry Armstrong, mwanakemia na mtetezi mashuhuri wa ufundishaji bora wa sayansi, akiwa na miaka 79, aliandika katika jarida la Nature kuupinga muundo huo wa sataranji. Kwake yeye, chumvi bila molekuli haikuingia akilini.

Sisi walimu wa lugha tunajifunza nini? Kwanza, neno "fuwele" halitoshi. Fuwele ya chumvi hushikwa na mvutano wa ioni. Ya sukari na barafu, na kani baina ya molekuli. Ya almasi, na vifungo imara vya atomu kwa atomu. Ya metali, na elektroni zinazoshirikiwa na atomu zote. Ndiyo maana barafu huyeyuka kwa nyuzi 0 za Selsiasi, na chumvi kwa 801.

Pili, "baina ya" na "ndani ya" si visawe. Barafu inapoyeyuka, kinacholegea ni mvutano baina ya molekuli. Vifungo vilivyo ndani ya molekuli hubaki salama. Mfasiri akikosea hapo, mwanafunzi ataamini kwamba barafu ikiyeyuka maji huvunjika kuwa hidrojeni na oksijeni.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika "molekuli ya chumvi" ubaoni, tumwulize kwanza mwalimu wa kemia. Armstrong alikuwa mwalimu hodari, lakini alilishikilia neno hata baada ya kitu chenyewe kuonekana hakipo.